Chenji ya Mama wa Watu

Bili ilikuja yuro 18 na senti 60. Nikatoa noti ya 20, nikaiweka juu ya kile kikaratasi, halafu nikakaa kusubiri chenji yangu.

Ilikuwa Bonn, Ujerumani, mwaka 2023, siku ya nne ya mafunzo ya waandishi wa habari. Mezani tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa Nairobi, na mwingine wa Kampala. Mhudumu wetu alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, mkononi ana pochi kubwa nyeusi ya ngozi kama wanazobeba wahudumu wa kule. Akanitazama. Na mimi nikamtazama. Mwenzangu wa Nairobi akanigonga mguu chini ya meza, sikuelewa. Mama akafungua pochi, akachambua sarafu mojamoja, akaniwekea yuro moja na senti 40. Akasema asante kwa Kijerumani, lakini alipoisema alikuwa ameshageukia meza ya pili.

Nje, yule wa Nairobi akanisimamisha. "Ndugu yangu, umetoka Mwanza mpaka hapa kuja kudai senti 40 za mama wa watu?"

Ndipo nikaelezwa. Ujerumani hutakiwi kuacha hela mezani ukaondoka. Bili ikiwa 18 na senti 60, unamtajia mhudumu kiasi unachotaka akate. Unasema "20", anachukua noti yake, mnaagana. Si sheria, wala hakuna atakayekukamata. Mhudumu wa kule ana mshahara wake. Mwaka ule kima cha chini kilikuwa yuro 12 kwa saa. Lakini kutosema chochote na kubaki umekodoa macho kwenye pochi ni kumwambia kwamba hakufanya kitu.

Nilijitetea kimoyomoyo. Kwanza, yuro moja na senti 40 ni zaidi ya shilingi 3,500, na kwetu Mkuyuni hiyo ni sahani ya ugali na samaki, na maji ya kunawa ya moto juu. Pili, posho yenyewe nilikuwa naibana ili nirudi na chochote. Tatu, mimi ni mtoto wa daladala. Aliyekua akipanda magari ya Nyegezi na Buhongwa anajua kwamba chenji haiombwi, inadaiwa. Konda akikaa na mia mbili yako mpaka kituo cha kushuka, gari zima linakusaidia kupiga kelele. Tumefundishwa kwamba anayebaki na chenji yako ni mwizi mdogo.

Niliporudi nyumbani niligeuza kisa hiki kuwa kichekesho. Nilikisimulia ofisini, wakacheka. Nikakisimulia kwenye harusi moja, wakacheka zaidi. Kisha Jumapili moja nikakisimulia Mkuyuni, barazani kwa dada yangu, yeye akiwa anachambua mchele kwenye ungo.

Dada hakucheka. Akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Kwa hiyo ulimsimamisha mwenzangu akutafutie sarafu."

Mwenzangu. Neno hilo sikulitegemea.

Dada alifanya kazi ya uhudumu miaka saba, baa mbili na mgahawa mmoja, zote kati ya Igogo na Nyegezi. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kule Malimbe, na nilijua kazi yake kwa namna ndugu wengi wanavyoijua: anatoka jioni, anarudi usiku wa manane, anachelewa kuamka. Siku ile barazani ndiyo nilimsikia akiieleza.

Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha wafanyakazi wa migahawa, nyumba za kulala wageni na baa kuwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Mwaka ule dada alikuwa analipwa 60,000. Na hiyo ni kabla ya shoti. Shoti ni ile hela inayopungua kwenye hesabu za kufunga usiku. Mteja akijifanya anaenda chooni akapotelea huko, shoti. Glasi ikivunjika, shoti. Kaunta wakikosea kuandika, shoti bado ni ya mhudumu. Kuna mwezi alipokea 22,000.

"Sasa ulikuwa unaishije?" nikamuuliza, kama namhoji mtu wa habari zangu.

"Chenji," akasema. "Mtu anakula anakwambia baki nayo. Jero, buku. Siku ya mechi unaweza kulala na elfu nane. Wewe ile hela ya fotokopi unadhani ilikuwa inatoka wapi?"

Hapo nikanyamaza. Kwa miaka mitatu dada alikuwa akinipa noti zilizokunjwakunjwa, buku mbili leo, tatu kesho, na nauli ya kwenda Malimbe. Nilidhani ni mshahara. Ilikuwa ni chenji za watu wasionijua, waliokula samaki wao wakasema "baki nayo" bila kujua kwamba wananisomesha uandishi wa habari. Wala hakuna hata mmoja wao aliyekaa akiikodolea macho pochi ya dada.

Lakini dada si mtu wa kupamba mambo. Aliniambia pia kwamba hela hizo hazikuwa sawa. Kuna inayobaki mezani mwenye nayo akaenda zake. Na kuna inayotolewa taratibu, noti imeshikwa upande mmoja, wewe umeshika upande wa pili, na haiachiwi mpaka uambiwe saa ngapi unafunga kazi. Ya pili alijifunza kuikataa. "Nikiona haiachiwi, naiacha mimi," alisema. Kwa kuikataa alihamishwa meza, na baa moja alifukuzwa kwa sababu mteja mwenyewe alikuwa rafiki wa bosi.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa ajili ya yule mama wa Bonn peke yake. Nilikuwa nawaza bahasha.

Wanahabari wenzangu watanielewa. Unakwenda kwenye semina au uzinduzi wa mradi, unaandika dondoo zako, na mwishoni mtu wa itifaki anawapanga kwenye korido. Unasaini, unapewa bahasha. Inaitwa nauli, ingawa wengine tumekuja kwa miguu. Inaitwa ya maji, inaitwa mshiko. Nimeichukua. Nimeichukua mara nyingi kuliko nitakavyopenda kuandika hapa. Na ninakumbuka siku ambayo nilikuwa na habari ya wanakijiji waliolalamikia mradi, na habari ya afisa aliyeusifia mradi, na nikafungua kwa afisa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Bahasha ilikuwa bado imeshikwa upande wa pili.

Lugha yetu inajua jambo hili zamani, ndiyo maana ina maneno mengi kwa kitu kimoja na kila neno lina harufu yake. Bakshishi imetufikia kutoka Uajemi, na asili yake ni kutoa kwa hiari. Takrima ina mzizi mmoja na ukarimu, lakini tazama yaliyoipata: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikampa mgombea nafasi ya kuwakirimu wapiga kura, na ilichukua mpaka mwaka 2006 Mahakama Kuu kukifuta kifungu hicho, baada ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake kukipinga. Tangu hapo mtu akisema takrima watu wanaguna. Chai ni kinywaji mpaka askari aiombe. Soda vilevile. Wajerumani nao hela ya mhudumu wanaiita *Trinkgeld*, hela ya kunywea, na Wafaransa *pourboire*, maana ileile. Kumbe dunia nzima inaona haya kuitaja hela kwa jina lake, inasingizia kiu.

Si kwamba sisi ni wachoyo. Nenda kwenye taarabu uone watu wanavyoinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji, wanacheza kwa maringo mpaka jukwaani, noti juu ili ionekane. Nenda kwenye harusi. Tunajua sana kutoa, ila tunapenda kutoa mbele za watu. Mhudumu hana jukwaa.

Halafu kuna nyongeza. Ukinunua dagaa pale Mwaloni, kopo likishajaa mama anachota mkono mmoja zaidi anakumwagia juu. Ukimwambia "niongezee", anaongeza. Kwetu anayetoa bakshishi ni muuzaji! Mama yetu aliyeuza chakula Mkuyuni kabla dada hajaanza kazi za baa alikuwa hivyo. Mteja akimwachia mia tano, alikuwa haimpiti hivihivi. Kesho yake mteja huyo alikuta kipande cha samaki kimekuwa kikubwa, na mama anasema "wabeja" kwa Kisukuma chake cha Magu, kama vile yeye ndiye mwenye deni. Nadhani ndiyo maana bakshishi ya kigeni inatuchanganya. Tumezoea shukrani inayokwenda na kurudi, na si ile inayopigiwa hesabu ya asilimia.

Maana asilimia nazo zina mambo yake. Marekani wanatarajia uache 15 mpaka 20 kwa mia, na ukiacha sufuri umemkata mtu mshahara kweli. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2 na senti 13 kwa saa, ilimradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Majimbo kadhaa yameweka zaidi, mengine yamebaki hapohapo. Japani, kinyume chake, ukiacha hela mezani mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani kukurudishia, akidhani umesahau. Nikiziweka nchi hizi pamoja, naona swali la msafiri la "niache ngapi?" ni dogo. Swali kubwa ni nani anapaswa kumlipa mtu huyu, na kama analipwa.

Swali hilo lilinirudia mwezi uliopita, na pahali nisipopataka.

Dada aliacha baa. Sasa ana kibanda chake cha chakula hapohapo Mkuyuni, karibu na barabara: ugali, wali, sato wa kukaanga, dagaa wa nazi siku za Ijumaa. Ana binti anayemsaidia, ana miaka ishirini hivi, kazi yake kunawisha watu, kubeba sahani na kuosha vyombo. Nilikwenda kula na wenzangu wawili wa ofisini. Bili 14,000. Mwenzangu mmoja akalipa kwa simu, kwenye lipa namba, shilingi kwa shilingi. Hapo nikagundua kitu: lipa namba haina chenji. Hela yote imeingia kwenye simu ya dada. Yule binti, aliyetupikia chai ya pili bila kuombwa, hakuna kilichopita mkononi mwake.

Nikatoa buku mbili, nikampa. Nikaiachia upesi. Nikamwambia asante, umetuhudumia vizuri. Akapiga goti kidogo, akaenda.

Kisha, kwa kuwa uandishi wa habari ni ugonjwa, nikamsogelea dada jikoni, nikamuuliza taratibu: "Huyu unamlipa ngapi?"

"Elfu tano kwa siku. Na chakula."

Nikapiga hesabu palepale. Jumapili hafungui. Siku 26 kwa mwezi, 130,000. Kile kima cha mwaka 2013, kile ambacho yeye hakukiona alipokuwa mahali pa yule binti. Na tangu mwaka huo unga umepanda mara ngapi.

Dada aliniona midomo inavyohesabu. "Unaniuliza kama mwandishi au kama mdogo wangu?"

"Kama mdogo wako."

Akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili. "Gunia la mkaa unalijua bei? Samaki wa Mwaloni unamjua bei?" Halafu, baada ya muda: "Shoti simkati. Sijawahi kumkata."

Sikuwa na la kusema. Kusema "ongeza" ni rahisi kwa mtu ambaye hanunui mkaa. Nilimwambia tu kwamba nimemwachia binti buku mbili, asije akadhani kaichukua kwenye hesabu.

"Nimeona," akasema. "Kesho nitabandika na namba yake pale ukutani, chini ya yangu. Anayetaka kumtumia amtumie mwenyewe."

Juzi nimepita. Karatasi ipo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, jina la binti na namba. Elfu tano bado ni elfu tano. Nilimuuliza binti kama kuna anayetuma. Akacheka, akasema wapo wawili watatu, na mmoja alituma mia tano kisha akapiga simu kuulizia kama imefika.

Yule mama wa Bonn sina namba yake.