Kifaa Kilichofungiwa Stoo: Teknolojia ya Darasani Uswidi na Kenya

Mjadala kuhusu kuingiza teknolojia darasani, yaani matumizi ya kompyuta, vishikwambi, projekta na intaneti katika kufundisha na kujifunza, huendeshwa nchini Kenya kana kwamba tatizo ni moja tu, nalo ni uhaba wa vifaa. Wazazi Wakenya wanaoishi Ulaya, ambao kila jioni huwaona watoto wao wakirudi nyumbani na kompyuta ya shule mkobani, huwa wepesi wa kuukubali mtazamo huo. Hata hivyo, Kenya ikiwekwa kando ya Uswidi, nchi iliyotangulia sana katika jambo hili na ambayo sasa imeanza kurudi nyuma hatua kadhaa, inadhihirika kwamba vifaa vilifika kote kuwili, na kwamba tofauti kubwa iko katika maswali ambayo wanasiasa hawayapendi: nani alikabidhiwa kifaa, nani hulipa kinapoharibika, na nani huulizwa kinapokaa bila kutumika.

Nchini Uswidi shule nyingi za umma huendeshwa na manispaa, ambazo ni serikali za mitaa 290 zenye kodi zao na mafundi wao. Serikali kuu ilipitisha mkakati wa kitaifa wa elimu ya kidijitali mwaka 2017, na kuanzia Julai 2018 mitaala ikawataka wanafunzi wajifunze hata misingi ya kuandika programu za kompyuta. Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi na katika sekondari imekuwa kawaida kila mwanafunzi kuwa na kompyuta yake, ambayo mzazi huitilia saini na mtoto hukaa nayo hadi muda wake wa matumizi uishe. Ikianguka na kioo kikapasuka, hupelekwa kwa fundi. Mwalimu haingii katika hesabu hiyo hata kidogo, wala mwalimu mkuu hakosi usingizi kwa ajili yake, kwa kuwa kuharibika kwa vifaa kumekadiriwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya gharama, sawa na kuchakaa kwa madawati.

Lakini wingi nao una adha zake. Katika PIRLS, utafiti wa kimataifa unaopima uwezo wa kusoma wa wanafunzi wa darasa la nne, alama za Uswidi zilishuka kutoka 555 mwaka 2016 hadi 544 mwaka 2021, na ingawa wataalamu hawakubaliani kuhusu sababu, wengi wao walianza kuuliza kama skrini hazikuwa zimechukua nafasi ya vitabu bila ushahidi wa kutosha. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm waliukosoa mwelekeo huo waziwazi mwaka 2023, na waziri wa shule wa wakati huo, Lotta Edholm, akaukataa mkakati mpya uliokuwa umependekezwa, huku serikali ikitenga kronor milioni 685 mwaka huohuo kwa ununuzi wa vitabu vya kiada. Habari hizi zilipofika Afrika Mashariki zilisimuliwa kana kwamba Uswidi imezitupa kompyuta zake jalalani, jambo ambalo si kweli: kompyuta bado zipo madarasani, ila kitabu kimerudishwa kando yake, na watoto wadogo wamepunguziwa skrini.

Kwa upande wa Kenya, ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, ikacheleweshwa na mizozo ya zabuni, na hatimaye ikatekelezwa kwa sura nyingine kuanzia mwaka 2016, vishikwambi vilipoanza kugawiwa shule za msingi za umma. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa, vikiwa vimepakiwa masomo yaliyoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), pamoja na kompyuta za walimu na projekta, na kwa sababu ya mradi huo umeme wa gridi au wa jua ulifikishwa katika karibu shule zote za msingi za umma. Haya ni mafanikio, na si haki kuyabeza. Kilichofuata ndicho cha kusikitisha, kwa maana magazeti yamerudia kueleza jinsi vifaa katika shule nyingi vilivyofungiwa stoo hadi betri zikafa.

Sababu yake huonekana vizuri zaidi katika kipindi kimoja cha somo kuliko katika ripoti. Kipindi cha madarasa ya chini, ambayo ndiyo yaliyolengwa na mradi, huchukua dakika 30. Mwalimu mwenye watoto 60 huanza kwa kumtafuta mwalimu mkuu, kwa kuwa ufunguo wa stoo yenye mlango wa chuma na dirisha la nondo uko kwake. Akishampata hutia saini daftarini, huhesabu vishikwambi, huwaomba wanafunzi wakubwa wamsaidie kubeba, hugundua kwamba kadhaa havina chaji kwa sababu stima ilipotea usiku, huwaketisha watoto watatu watatu kwa kifaa kimoja, na kabla somo halijashika kasi inambidi avikusanye na kuvihesabu tena, kwa kuwa kikipungua kimoja yeye ndiye atakayeandika maelezo. Mwalimu aliyepitia shughuli hiyo mara mbili hurudi kwenye chaki, na hakuna wa kumlaumu.

Mwalimu mkuu naye ana hesabu zake. Kifaa ni mali ya serikali, na kikiibwa ataitwa na polisi na afisa wa elimu, ilhali kikikaa stoo miaka mitatu bila kuguswa hakuna atakayemwandikia barua. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka, fedha zinazotakiwa kutosha vitabu, chaki, bili za umeme na maji pamoja na ukarabati, na kioo kimoja kikipasuka hakuna mahali pa kuchota fedha za kukitengeneza. Katika mazingira hayo kufunga mlango ni uamuzi wa busara, na lawama ziwaendee waliobuni mfumo unaoadhibu upotevu bila kuuliza lolote kuhusu matumizi.

Teknolojia ambayo kwa hakika imeota mizizi katika shule za Kenya haikuletwa na mradi wowote, nayo ni simu ya mwalimu mwenyewe. Kwa simu hiyo mitihani ya majaribio husambazwa katika makundi ya WhatsApp, na alama za tathmini za wanafunzi hupandishwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (KNEC), mara nyingi kwa bando ambalo mwalimu amelinunua kwa mshahara wake. Simu hiyo hufanya kazi kwa sababu mwenyewe anaijua na anaitengeneza.

Uswidi ina matumizi mengine ya skrini yanayowagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mtoto anayetumia lugha nyingine nyumbani anaweza kufundishwa lugha hiyo shuleni, na manispaa hulazimika kuandaa somo wanapopatikana walau wanafunzi watano na mwalimu anayefaa. Kwa kuwa walimu wa Kiswahili ni wachache na wametawanyika, sheria inaruhusu somo lifundishwe kwa video, mwalimu akiwa mji mmoja na watoto mji mwingine, kwa sharti kwamba mtu mzima awepo chumbani pamoja na watoto. Hapa teknolojia imepewa kazi moja inayoeleweka, ya kuziba pengo la mwalimu asiyepatikana, na sharti la mtu mzima linakiri kwamba skrini peke yake haitoshi. Shule za Turkana au Tana River zisizo na mwalimu wa fizikia zingeweza kunufaika na mpango wa namna hiyo kwa projekta moja na mtandao wa uhakika, bila kusubiri kila mtoto apate kishikwambi chake.

Vyama vya Wakenya walio ughaibuni huchangisha fedha kila mwaka na kusafirisha kompyuta zilizotumika kwenda shule walizosomea. Kabla kontena la pili halijajazwa, wachangaji na waulize kompyuta za kontena la kwanza ziko wapi, na sehemu ya mchango ibaki kwa ajili ya kumlipa fundi wa mji ulio karibu na shule. Mwalimu mkuu naye apewe barua iliyotiwa saini na bodi ya shule, inayosema wazi kwamba kifaa kilichoharibikia mikononi mwa watoto wakati wa somo hakitakatwa kwenye mshahara wa mtu.