Daraja Kuukuu la Ribblehead

Mwenye nyumba aonapo ukuta wake unalowa, hauvunji mara moja. Kwanza hupanda juu akatazame paa. Busara hiyo ndiyo iliyoliokoa daraja la reli la Ribblehead, kaskazini mwa Uingereza.

Daraja hilo lilianza kujengwa mwaka 1870, na magari ya moshi ya mizigo yakaanza kulivuka mwaka 1875. Lina matao 24 ya mawe. Urefu wake ni yadi 440 na kimo chake futi 104. Watu wengi walikufa katika kazi ile, wengine kwa ajali, wengine kwa ndui. Tena lilijengwa kwa akili: kila nguzo ya sita ni nene kuliko nyingine, ili tao moja likianguka lisiyavute yote.

Ilipopita miaka mia na zaidi, daraja lilichakaa. Mwaka 1985 njia mbili za reli zilizokuwa juu yake zilipunguzwa ikabaki moja. Wakuu wa reli walisema kwamba gharama ya kulitengeneza haichukuliki, na afadhali njia yote ya kutoka Settle mpaka Carlisle ifungwe. Wenyeji wa milima ile hawakukubali. Maelfu ya watu walipeleka maandishi ya kupinga. Hata mbwa mmoja, ambaye alikuwa akilipiwa nauli yake, alitia alama ya unyayo, nayo ikahesabiwa!

Mainjinia walipolichunguza daraja, waliona kwamba adui mkubwa ni maji ya mvua. Yalipenya kutoka juu, yakala chokaa, na wakati wa baridi yakaganda na kupasua mawe. Gharama nayo ikaonekana kuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa. Basi mwezi wa Aprili 1989 Serikali ilikataa kuifunga njia. Juu ya matao likatandazwa tabaka lisilopitisha maji, mawe mabovu yakatengenezwa, na nyufa zikajazwa.

Hata leo abiria na mizigo huvuka hapo, ingawa kwa njia moja tu. Wala kazi haikwisha, maana mwaka 2020 mafundi walirudi tena kutia chokaa penye nyufa. Wazee walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Ribblehead walibakiwa na kidogo tu wapoteze ukuta na njia pamoja, kwa ufa ambao ulizibika.