Binti Yetu na Neno "Bossy"

Ripoti ya binti yetu wa darasa la nne ilipoletwa nyumbani, tulifurahia alama zake. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba yeye ni "bossy." Baba yake akacheka kwa furaha. Si bosi ni mtu mkubwa mwenye ofisi yake? Tukamnunulia soda.

Kaka yake wa sekondari ndiye aliyetufumbua macho. Neno hilo si sifa. Ni la mazungumzo, halifai katika barua rasmi, na huambiwa mtu apendaye kuwaamrisha wenzake. Usiku uleule tukamkaripia mtoto. Siku zilizofuata alinyamaza. Hata vyombo vilipobaki bila kuoshwa, hakuwaita wadogo zake kama ilivyokuwa desturi yake. Kimya hicho kilitutia hofu.

Ndipo tulipolichunguza neno lenyewe. Kiingereza kilipata "boss" kutoka kwa Waholanzi, ambao humwita mkuu wa kazi "baas." Lilienea Marekani, na katika karne ya 19 likazaa "bossy." Sisi nasi tukapata "bosi" wetu kutoka kwa Waingereza. Lakini "bosi" kwetu humpa mtu heshima, na "bossy" humwondolea.

Tulisoma pia kwamba mwaka 2014 Sheryl Sandberg, aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya Facebook, alishirikiana na Girl Scouts wa Marekani katika kampeni ya kupinga neno hilo. Walisema wasichana huitwa hivyo, ilhali mvulana afanyaye yaleyale husifiwa kuwa kiongozi.

Hapo tuliona haya. Kaka yake anapowapanga wenzake uwanjani na kuwapigia kelele, sisi wenyewe husema, "Huyu atakuwa mkuu wa wilaya!"

Hatukusema kwamba mwalimu amekosea kabisa. Binti yetu hufoka, na samaki hukunjwa angali mbichi. Tulimwita, tukamwomba radhi kwa ukali wetu, kisha tukamfundisha kutanguliza "tafadhali" na kushika kazi yeye kwanza. Kaka yake naye tulimfundisha vivyo hivyo.

Juzi tulisikia sauti jikoni: "Tafadhali njooni, mimi naosha, ninyi mfute." Tulitazamana tukatabasamu.

Mama mwenzetu, je, wewe humwitaje binti yako anapojaribu kuongoza?