Ringi za Motokaa ya Mjomba

Wenzangu wa bwenini wanajua kwamba kila nirudipo kutoka likizo mikono yangu hunuka grisi, na wengine wamekwisha kunipa jina la Fundi. Mimi si fundi. Mimi ni tarishi tu wa motokaa moja kuukuu iliyoko Hai Mauna, Juba, na leo nataka kuwaeleza jinsi ninavyoinunulia spea, pamoja na jambo moja nililolifanya katika likizo ya Agosti ambalo sijapata kumsimulia mtu hapa shuleni.

Motokaa yenyewe ni Datsun 240Z, mali ya mjomba wangu, ambaye ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Wanaopenda mbio za Safari Rally wanaifahamu: ndiyo aina iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Hii ya Mjomba haijapata kushinda kitu. Alipoinunua Nairobi mwaka 1996, wakati yeye na mama yangu walipokuwa wakimbizi, kuku walikuwa wakitaga juu ya viti vyake. Aliitengeneza kidogo kidogo kwa mshahara wa gereji, na barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba ilipokamilika mwaka 2012, akaipakia juu ya lori akarudi nayo nyumbani.

Huku kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wake nao uko kulia, kwa hiyo Mjomba akitaka kulipita lori haoni kitu. Kazi ya kuchungulia ni yangu. Nikisema "bado" tunangoja, nikisema "haya" tunakwenda, na mama yangu hapendi kabisa kusikia habari hizo.

Mwezi wa Julai 2016, mapigano yalipozuka mjini, tuliifunika turubai tukakimbilia Uganda. Tuliporudi, betri na taa zake za nyuma hazikuwapo. Baada ya wiki mbili Mjomba aliziona taa zile zimetandazwa juu ya mkeka katika soko la Konyo Konyo. Alizitambua kwa ufa aliouziba kwa gundi kwa mkono wake mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliuliza bei, akapunguziwa kidogo, akalipa, akazifunga tena mahali pake. Nilikuwa mdogo, nikamwuliza kwa nini hakumwita polisi. Akaniambia kwamba aliyezitandaza si lazima awe ndiye aliyezifungua, na kwamba taa nyingine za namna ile hazipo kutoka Juba mpaka Kampala.

Hapo ndipo penye shida yote. Kiwanda kiliacha kuziunda 240Z mwaka 1973, na mwenye duka akisikia jina hilo hutenda moja kati ya mambo mawili: ama hucheka, ama hupandisha bei, maana hudhani mwenye motokaa ya mashindano ni tajiri. Kwa hiyo Mjomba amenifundisha nisilitaje kamwe. Injini yake ina silinda sita, lakini kipenyo cha kila silinda ni milimita 83, sawasawa na injini ya silinda nne ya Datsun 1600, motokaa ambayo hapo zamani ilikuwa ya mwalimu, ya karani na ya teksi. Basi mtu huomba ringi za 1600, huuziwa kwa bei ya mwalimu, na 240Z huzivaa bila kinyongo. Ila seti moja ni ya pistoni nne nasi tunazo sita, hivyo hatuna budi kununua mbili, na ringi za pistoni mbili hubaki. Zishikeni hizo ringi zilizobaki, tutazirudia.

Agosti nilipewa kazi hiyo. Injini ilikuwa ikitoa moshi wa buluu, ikinywa oili kama mgonjwa wa homa anywavyo maji. Silinda zake zilikwisha kuchongwa mara moja, kwa hiyo zilihitaji ringi zilizozidi kipimo cha kiwandani kwa nusu milimita. Sandukuni huandikwa 050. Mjomba alinitumia pesa, akaniambia niende moja kwa moja kwa mzee fulani wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mtaa ambao watu wengi bado huuita Grogan. Pia nilikuwa na pete ya chuma aliyoichonga kwa mashine, yenye upana ule ule wa silinda zetu. Ringi ikiingizwa ndani ya pete hiyo, ncha zake mbili hukaribiana zikaacha pengo dogo, chini ya nusu milimita. Pengo likiwa kubwa, ringi si yako, hata sanduku liseme nini.

Nami sikwenda moja kwa moja. Nilijiona mjanja, nikaingia duka jingine kwanza, ambalo sitalitaja, kwa kuwa bei iliyotajwa mlangoni ilikuwa Sh. 2,200. "Seti mbili za nini, mdogo wangu? Una motokaa mbili?" Nikasema ninao wajomba wawili. Masanduku yakaja, yameandikwa 050 kwa herufi nzuri. Nikatoa pete yangu, nikaingiza ringi, pengo likawa la karibu milimita mbili: zilikuwa ringi za kawaida ndani ya sanduku la 050. Yule bwana hakuona haya hata kidogo. Akanieleza kwa upole, kama mwalimu wa fizikia, kwamba injini ikipata moto zitatanuka zenyewe na kujaa. Nikamshukuru, nikatoka.

Kwa yule mzee mambo yalikuwa mepesi. Alinijua kwa sura, akamwuliza Mjomba hali, akaleta seti mbili kwa Sh. 3,500 kila moja, na kabla sijasema neno aliniomba pete yangu akazipima yeye mwenyewe mbele yangu. Kisha akaenda kula, akamwachia kijana wake aniandikie risiti. Kijana akashika kalamu, akaniuliza, "Niandike ngapi?" Aliuliza vile mtu anavyouliza kama chai iwe na sukari. Nadhani madereva na makanika humjibu kila siku. Mimi nilinyamaza kitambo, nikayatazama masanduku ukutani, nikasema, "Andika elfu nne na mia tano." Basi katika seti mbili nikapata Sh. 2,000. Nilinunua viatu, hivi hivi ninavyovaa.

Safari ya basi hadi Juba ilikuwa ndefu, na forodhani Nimule ofisa mmoja aliishika ile pete ya chuma akaniuliza ni bangili ya nani. Zaidi ya hayo sina la kusimulia, ila kwamba ile risiti ilikuwa katika mfuko wa shati na kila mara mkono wangu uliigusa.

Mjomba analo daftari lenye risiti zote za motokaa ile tangu 1996, zimebandikwa kwa gundi, na pembeni mwa kila moja huandika kwa wino neno moja au mawili: "nzuri", "ya bandia", "imedumu miezi minne". Aliipokea yangu, akaisoma, akaibandika. Pembeni akaandika "3,500". Hakusema kitu, akatuma niletewe chai. Kumbe alikuwa amempigia simu yule mzee siku mbili kabla, wakapatana bei.

Kwa siku tatu tulifanya kazi pamoja chini ya mwembe, tukazitoa pistoni, tukazisafisha, tukazivisha ringi. Aliniita kwa jina langu kama siku zote, akanionyesha jinsi ya kuzipanga ncha za ringi zisielekee upande mmoja. Naapa kwamba ningependa zaidi anichape. Jioni ya siku ya tatu injini ikawaka, moshi ukatoka buluu, kisha ukafifia, na watoto wote wa Hai Mauna walikuwa wamekwisha kujaa uani. Katikati ya kelele ile nikamwambia, nikitazama viatu. Akaniambia, "Najua." Kisha akanipa zile ringi za pistoni mbili zilizobaki, zimefungwa katika karatasi ya oili. "Uza hizi," akasema, "uniletee pesa yangu."

Nimekwenda Konyo Konyo, nimekwenda kwa makanika wa soko la Custom, na nilipopita Kampala nilishuka nikazitembeza katika soko la Kisekka. Wote waliniuliza maswali ambayo mimi huwauliza wenye maduka: ni za kweli? mbona nusu seti? sanduku liko wapi? Mmoja alizipima kwa kipimo chake mara mbili, akanitazama usoni kwa muda, akazirudisha. Nikaona jinsi nilivyokuwa nikionekana upande ule mwingine wa meza.

Ziko katika sanduku langu bwenini, chini ya Biblia na soksi. Thamani yake kwa bei ya yule mzee ni Sh. 1,750, zile Sh. 250 zinazopungua nitazilipa mwenyewe. Iwapo mmoja wa wanafunzi wa zamani anayesoma gazeti hili anayo Datsun 1600 iliyochongwa nusu milimita, na ringi za pistoni zake mbili zimekatika, naomba aniandikie kwa anwani ya shule. Pete ya kupimia ninayo, na risiti nitaandika Sh. 1,750.