Kupanda Lushoto kwa Baiskeli: Chagua Tairi Linaloijua Njia

Ukitokea Dar es Salaam kwenda Moshi, utafika Mombo, mahali ambapo abiria wengi hupita wakisinzia. Mkono wa kulia milima ya Usambara imesimama mithili ya ukuta, na barabara ya lami inaanza kujipinda kuipanda, kupitia Soni hadi Lushoto, mwendo wa kilomita 33 hivi. Mombo ni joto na mashamba ya mkonge. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu huvaa makoti.

Ikiwa unayo baiskeli ya mlima na siku chache za likizo, njia hii yafaa sana. Lakini kabla ya kufunga mizigo, tazama matairi yako, kwani huku utakutana na lami, kokoto, vumbi na utelezi, pengine vyote katika siku moja.

Tuanze na lami. Kutoka Mombo hadi Soni, penye maporomoko ya maji, utapanda bila kupumzika. Hapa tairi lenye kashata ndefu, yaani vile vinundu vya mpira vinavyouma ardhi, litakutesa. Kila kinundu hujikunja kinapogusa lami, na nguvu ya miguu yako hupotea katika kukikunja na kukinyoosha. Tairi huvuma, mapaja huchoka, na kashata zenyewe hulika upesi. Mwenye tairi laini atakuacha nyuma akipiga mluzi.

Lakini usimwonee wivu mapema. Ukiiacha lami na kushika njia za udongo ziendazo mashambani na vijijini, mambo hugeuka. Wakati wa kiangazi kuna vumbi na vijiwe vinavyobingirika. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo mwekundu wa Usambara hulowa na kuteleza kama sabuni. Tairi laini halina cha kushikilia hapo. Hata lenye kashata nyingi zilizosongamana huweza kushindwa, maana tope hujaza nafasi zote, na tairi likawa kama limepakwa udongo wa mfinyanzi. Panapotakiwa kashata zilizoachana ni hapo, ili tope litupwe nje kila gurudumu linapozunguka.

Basi tufanyeje, nasi hatuna uwezo wa kubeba jozi mbili za matairi? Yapo matairi yaliyotengenezwa kwa njia za mchanganyiko. Utayatambua kwa macho: katikati kashata ni fupi na zimekaribiana, karibu zishikane kuwa mstari mmoja, pembeni ni ndefu na zimeachana. Ukienda wima juu ya lami, unatembelea pale katikati. Ukiinama kwenye kona ya udongo, zile za pembeni huingia kazini. Upana wa inchi 2 hivi huwatosha wengi, mradi tairi lisiguse fremu.

Ikiwa matairi yako mawili hayafanani, lenye kashata kali zaidi lifungwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi utajirudi. La mbele likiteleza, umekwisha kuanguka. Kadhalika, tazama mshale ulio ubavuni mwa tairi, unaoonyesha upande wa kuzunguka.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotezea wafanyakazi fedha zao. Mzazi humnunulia mwanawe tairi la "26", akafika nyumbani likakataa kuingia. Sababu ni kwamba 26 si moja. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 hukaa kwenye rimu ya milimita 559, na lile la 26 x 1 3/8 hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Dawa ni kusoma namba ndogo ubavuni, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo mahali tairi linapokaa juu ya rimu. Hiyo ya pili haina budi kufanana na ya tairi lako la zamani. Tairi la inchi 27.5 ni 584, na la inchi 29 ni 622. Iandike kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Upepo nao una kipimo. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2 lenye mpira wa ndani, ratili 45 kwa kila inchi ya mraba zafaa kwenye lami. Ukiingia udongoni, punguza hadi 35 hivi, ili tairi lilalie ardhi na kuishika. Usizidi kupunguza, kwani rimu itaubana mpira wa ndani juu ya jiwe, nawe utapata pancha ya matundu mawili. Pia usivuke mipaka iliyoandikwa ubavuni.

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Baiskeli za mlima zenyewe zilitokana na mteremko: katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walishuka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Mashindano yao yaliyoanza mwaka 1976 yaliitwa Repack, kwa kuwa grisi ya breki iliungua kwa joto, ikabidi ijazwe upya.

Nawe kutoka Lushoto hadi Mombo utashuka karibu mita 1,000, kwenye kona kali, ukipishana na mabasi na malori ya mboga. Breki hata ziwe mpya, kinachokusimamisha ni kile kipande kidogo cha mpira kinachogusa ardhi. Tairi kipara au lenye nyufa libadilishwe Mombo, kabla ya kupanda.

Basi usichague tairi kwa uzuri wa kashata zake dukani. Jiulize ni wapi katika njia yako utelezi utakuwa mbaya kuliko kote, na kama huwezi kupaepuka, nunua tairi la kukupitisha hapo salama. Kwenye lami utachelewa kidogo tu.

Safari njema.