Hatua za Lirhanda

Msitu wa Kakamega ndio sehemu ya mwisho nchini Kenya ya msitu mkuu wa mvua uliopata kuenea kutoka Kongo. Kwetu sisi watu wa pwani, tuliozoea tambarare, njia itokayo Isecheno kwenda kilima cha Lirhanda ni mtihani wa pumzi: ardhi yake i zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari.

Msafarani alikuwamo mama mmoja mwenye kisukari, aliyeagizwa na tabibu apunguze uzito. Mbega waliruka mitini. Yeye alitazama kihesabu hatua kiunoni. Kileleni, msitu ukiwa umeenea chini yetu, alihuzunika kwamba hajatimiza 10,000.

Mama zangu, idadi hiyo haikuteremshwa kutoka mbinguni. Ilienezwa na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Kifaa huhesabu hatua. Hakijui ugumu wa kilima wala sukari ya kikombeni. Aliyetembea hatua 3,000 jana, leo na aongeze mia chache. Luqman alimuusia mwanawe mwendo wa wastani, na Mtume (s.a.w.) alitufunza kuwa kila hatua ya kuiendea sala ni sadaka. Mwili ni amana. Tuutunze kwa subira, si kwa majonzi.