Msusi Aliyekataa Pesa Yangu

Wacha niwaambie ukweli: kila baada ya wiki sita mimi hupita saluni nne nikienda saluni moja. Iko Kinoo, si mbali na stage. Ni kibanda cha mabati, viti viwili, kioo kimepasuka kona. Mabeshte wangu hucheka. "Si uende tao kama watu?" Tao nilienda. Ndiyo maana niko hapa.

Kama shule yenu ilikuwa kama yetu, unajua sheria: nywele fupi, hakuna kusuka. Miaka minne hivyo. Kwa hivyo nikimaliza KCSE, kitu ya kwanza nilitaka ni rasta za kufika kiunoni. Nikaingia saluni fulani tao, wasichana watatu wakanishika pamoja, kila mmoja anavuta upande wake. Nilitoka nikiwa mrembo balaa, lakini kulala ilikuwa shida. Nilimeza Panadol mbili. Vipele vidogo vikatokea kando ya paji. Nikaambiwa ni kawaida, urembo ni kuvumilia. Nikavumilia mwaka mzima.

Siku ya kwanza kwa Aunty nilifika na pakiti tano za nywele na pesa mkononi. Akanikalisha, akarudisha nywele nyuma na kitana, akanyamaza. Halafu akaomba simu yangu, akapiga picha ya kando ya kichwa, akanionyesha.

"Ona hapa, mrembo. Hapa palikuwa na nywele."

Manze, sikuwa nimeona. Selfie zote nilikuwa napiga nikiangalia mbele.

Akanieleza polepole. Vile vipele vilikuwa onyo. Nywele ikivutwa kwa muda mfupi, ukiipumzisha itarudi. Ikivutwa miaka na miaka, shina linakufa, na hakuna mafuta ya kulifufua. Akakataa kabisa kunisuka rasta. Na saluni ilikuwa tupu, mwisho wa mwezi, rent inangoja. Akaniosha, akanisuka mistari mikubwa ya nywele zangu mwenyewe, imelegea, akachukua pesa kidogo tu. "Hizo pakiti zako rudi nazo baada ya miezi mitatu."

Nilirudi kabla ya hiyo miezi kuisha, kuoshwa tu. Na hapo ndipo nilianza kupenda hiyo stuli. Kuna chai kwenye thamosi, na wamama wanaopiga stori kwa Kikuyu, wanacheka hadi machozi, halafu mtu ananitafsiria wakati kicheko kimeshaisha. Aunty akinishika kichwa huuliza, "Nakuumiza?" Kila mara. Huko kwingine sikuwahi kuulizwa. Anauliza pia kama nimepata kazi, na nikisema bado, hanipi mahubiri. Anaendelea tu kusuka.

Upande wa kushoto nywele zimerudi. Wa kulia kuna pengo la upana wa kidole, na pengine litabaki hivyo. Siku hizi ananisuka rasta, lakini nyepesi, na zile za mbele anaziacha.

Watu wengi watachukua pesa yako na kukuambia umetokelezea. Mimi nilipata mmoja aliyeniambia hapana akiwa anahitaji hiyo pesa kuniliko. Huyo simwachi, hata kioo kipasuke chote.

Na wewe, msusi wako ashawahi kukukatalia? Ama huwa anavuta tu?